Mlima, Kuku na Tangazo Lililokosa Nafasi

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nimesimama katika chumba cha kuchapia huko River Road, mkono mmoja umeshika bahasha ya pesa za kuchapia na mwingine haujui pa kukaa, na mzee mwenye wino hadi kwenye nyusi ameniuliza swali dogo kabisa. Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Nikatazama viatu vyangu.

Nitakueleza aliniuliza nini. Kwanza nieleze kwa nini nakuita mwanangu na hali niko kidato cha nne na hata mchumba sina. Wewe hujazaliwa bado. Lakini nimewasikiliza wazee wa kutosha, nikaona jinsi nasaha zinavyoharibika. Mtu anakosea akiwa na miaka kumi na tano, anangoja hadi afike sitini, ndipo anamwita mtoto na kumkalisha chini amwambie kwamba yeye pia alikuwa kijana. Wakati huo kosa lenyewe limeshapoa, limepigwa pasi na kukunjwa. Anayelisimulia anatabasamu. Mimi sitaki kukusimulia nikitabasamu. Nimeamua kuandika sasa, kwenye daftari hili ambalo hata mama haruhusiwi kulifungua, nikiwa bado nimekasirika, na hasira yenyewe nyingi ni juu yangu mwenyewe. Siku utakapolikuta sandukuni, soma polepole.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kidato cha kwanza. Tulikaa hapahapa Kangemi, kwenye ploti ya vyumba sita vya mbao: mama, mimi, na mjomba wako Beni, ambaye alikuwa na miaka sita na meno ya mbele hana. Chumba kilichofuata kilikuwa cha Mama Selina, mtu wa magharibi mwa nchi kama sisi. Selina mwenyewe alibaki nyumbani kwa nyanya yake; hapa Nairobi Mama Selina aliishi na kitinda mimba wake, Festo, rika moja na Beni. Kati ya chumba chetu na chao palikuwa na ukuta wa mbao tu, tulioubandika magazeti ya zamani ili upepo usipite. Ukumbuke huo ukuta.

Mama Selina alikuwa anafua na kupiga pasi katika nyumba moja ya Spring Valley. Alitoka kwa miguu kabla hatujaamka, akarudi jua likizama. Watu kama yeye walijaa kwetu. Chifu akiitisha baraza, ni siku ya kazi. Mwalimu mkuu akitangaza jambo, ni saa nne asubuhi. Hata Jumapili wengine hawakuonekana kanisani, kwa sababu wenye nyumba walikuwa na wageni na wageni wanataka kula. Basi mambo yaliwapita, kila mwaka, na kila mwaka wakaulizwa, "Kwani hamkusikia?"

Ndipo kanisa letu likaamua kuanzisha gazeti. Karatasi moja tu, pande mbili, mara moja kwa mwezi, la kupelekwa nyumba kwa nyumba, ili mtu akirudi amechoka aikute habari inamngoja. Likaitwa Mlangoni. Naomba ulishike hilo, mwanangu, maana sisi wenyewe tulilisahau ndani ya wiki mbili. Gazeti lile lilianzishwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Mimi, Rodha, nilijulikana kwa kuchora. Kwa lingine sikujulikana kabisa. Mwalimu akitaja jina langu darasani, jibu nililokuwa nalo tangu juzi lilinitoroka, na nikibishiwa hodi nilijifanya nimelala. Lakini penseli ilinisikia. Kwa hiyo Mwalimu Zakayo, mwenyekiti wa kamati ya gazeti, akanipa kazi ya kutengeneza kichwa cha gazeti, yaani lile jina linalokaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Aliniambia nijihadhari, kwa sababu kichwa kikishachongwa ndicho hicho, kitatumika kila toleo.

Nilikaa nacho siku tano. Nilichora herufi nane nyembamba, zimesimama wima kama watu waliopanga foleni, na baada ya ile ya mwisho nikaweka mlango mdogo ulioachwa wazi kidogo. Basi. Kimo chake vidole viwili. Kilikuwa kizuri, mwanangu. Ni mara chache mimi kusema hivyo juu ya kitu changu, kwa hiyo niamini.

Kamati ilikutana Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha nyuma chenye viti vibovu. Karatasi yangu ikawekwa mezani. Mzee Gathogo akaisogeza karibu na miwani. Huyu familia yake ina mashamba kule Kinoo tangu babu wa babu yake, na ndiye mwenye ile ploti tuliyopanga. Fikiria hilo kabla hujanihukumu.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni mlango, mzee," Mwalimu Zakayo akanijibia.

"Mlango naona. Mimi nauliza mlima yetu iko wapi. Gazeti ya watu wa hapa inakosa mlima? Kwani sisi ni mafundi wa milango?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu, na pembeni mwa karatasi nikaandika: mlima.

Mama Dorka, kiongozi wa kina mama, akavuta kiti. Alikuwa anakaa mtaa wa Mountain View lakini moyo wake wote ulikuwa Busia. "Kama yeye amepata mlima, sisi tuliotoka magharibi tunapata nini? Hewa? Weka kuku, mama. Mgeni akija kwetu ni kuku."

"Kuku kwa gazeti?" Mzee Gathogo akashtuka. "Basi uweke na ng'ombe. Kuku si mali."

"Si mali? Na ile ulimaliza kwangu Krismasi ilikuwa nini, mboga?"

"Ile ilikuwa heshima."

"Heshima yenye mapaja mawili! Rodha, andika kuku. Na umfanye mkubwa, aonekane kutoka mbali."

Nikaandika kuku. Nikaandika ng'ombe. Mwalimu Zakayo, ambaye nilidhani ataniokoa, akasema wazo lake ni jua linalochomoza, lenye miale, kwa sababu elimu ni nuru. Na chini ya jua, kitabu. Mama Dorka akasema kitabu kiwe Biblia. Mzee Gathogo akasema sawa, mradi Biblia isikae chini ya kwato za ng'ombe, kwa maana hiyo itakuwa dhambi. Wakabishana juu ya hizo kwato muda mrefu kuliko mahubiri ya siku ile.

Nataka ujue kwamba hakuna aliyenishikia fimbo. Kila mmoja aliomba kwa upole, tena akitaja jina langu. Na mwishoni Mwalimu Zakayo aliniuliza waziwazi, "Rodha, vyote hivi vitaenea?"

Nilijua haviwezi. Nilikuwa nimeshapima ukurasa kwa rula. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Hapo ndipo nilipokosea. Mengine yote yalikuwa ni kulipa lile "ndiyo".

Nilichora upya. Herufi zangu nane na mlango wake vikabaki juu, kama bango la duka, na chini yake nikalijaza lile kundi lote: mlima, jua likitokeza nyuma yake, ng'ombe amesimama, Biblia imefunguliwa kwenye jiwe mbali na kwato, na mbele ya wote kuku, mkubwa kushinda ng'ombe, maana Mama Dorka alitaka aonekane kutoka mbali. Mkia wa ng'ombe ulipanda hadi kwenye kizingiti cha mlango wangu. Ukikitazama haraka ungedhani ni tangazo la maonyesho ya kilimo.

"Sasa hii ndio gazeti!" Mzee Gathogo akasema, akanipiga begani. Siku hiyo niliandika kwenye daftari hilihili: *Leo kila mtu amefurahi.* Nimerudi kuusoma huo ukurasa jana. Nusura niuchane.

Mchoro na maandishi yote vikapelekwa kwa mchapishaji, Mzee Opati. Jumamosi iliyofuata mtu alitakiwa aende ahakikishe mambo yako sawa kabla ya kuchapa. Mwalimu Zakayo alikuwa na harusi. Mama Dorka alikuwa anapika katika harusi hiyohiyo. Mzee Gathogo alisema yeye haendi River Road kwa sababu kuna kelele. Nikatumwa mimi.

Sasa tumerudi pale nilipoanzia.

Mzee Opati alikuwa mfupi, mwenye aproni ngumu kama turubai kwa wino. Alichapa kwa njia ya zamani: herufi mojamoja za madini ya risasi, zimepangwa kwa mkono, kinyumenyume, zikabanwa ndani ya fremu ya chuma. Kichwa changu alikuwa amekichonga juu ya kipande cha ule mpira wa kutandika sakafuni, akakigundisha kwenye ubao.

"Ni wewe umechora hii?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Huyu kuku amenila siku mbili. Manyoya yote hayo! Angekuwa wa mchuzi singelalamika." Akanivuta kwenye meza. "Sasa kuja uone shida yako."

Nikaona. Ubao ulikuwa umekalia karibu nusu ya fremu. Chini yake ndipo palipobaki pa kuweka habari. Kando, juu ya sinia ya chuma, kulikuwa na mafungu manne ya mistari ya risasi, kila fungu limefungwa uzi lisije likasambaa.

"Hii ni chuma," akasema akigonga fremu. "Haivutwi kama chapati. Nafasi iko ya mafungu matatu. Mimi nimepewa manne. Upande wa nyuma nimeshachapa jana, usiangalie huko." Akainama, akaanza kuyasoma, kinyumenyume vilevile, haraka kama mtu anayesoma barua ya kawaida. "Hii ni Salamu za Mwenyekiti. Hii ni Historia ya Ukoo wa Gathogo. Hii, Ratiba ya Kina Mama. Na hii ni ya shule. Watoto wa darasa la kwanza wataandikishwa Jumanne ijayo, siku moja tu, mzazi aje na mtoto na kadi ya ubatizo au ya kliniki."

Kisha akauliza lile swali dogo. "Niondoe gani?"

Nikatazama viatu.

"Ama nimuondoe kuku?" Akachukua msumeno mdogo uliokuwa umening'inia ukutani. Akauweka chini kidogo ya herufi zangu, mahali hasa ambapo mimi mwenyewe ningekata. "Huu ni ubao tu. Nakata hapa. Jina linabaki, mlango unabaki, hawa wanyama wanaenda kwao. Dakika tano. Sema kata, nakata."

Mwanangu, neno lilifika hapa kooni. Lakini nikaona uso wa Mzee Gathogo, nikaona na mlango wa chumba chetu ambao ni wake. Nikamwona Mama Dorka akisema, "Kumbe hata wewe, mtoto wa kwetu?" Nikayatazama yale mafungu. Salamu zilikuwa na mwenyewe. Ukoo ulikuwa na mwenyewe. Ratiba ilikuwa na mwenyewe, tena mwenye sauti. Kuku, mlima, jua, vyote vilikuwa na mtu wa kuninunia. Tangazo la shule peke yake ndilo halikuwa na mtu kwenye kamati. Wenye hilo tangazo walikuwa Spring Valley saa hiyo, mikono kwenye karai.

Mzee Opati alisubiri kweli. Mwishowe akasema, "Basi nitoe hii ya mwisho?"

Nikatikisa kichwa kukubali tena.

Akafungua uzi. Herufi za risasi zikarudi kwenye visanduku vyake, mojamoja, tik, tik, tik, mpaka tangazo lote likaisha. Alifanya kazi hiyo bila kuniangalia, na aliongea bila kuniangalia.

"Binti, nimekuuliza mara tatu na hujafungua mdomo. Watu wakiuliza, utasema ni Opati alitoa. Sawa, useme. Lakini hili tangazo tumelisoma mimi na wewe tu. Mimi nakaa Eastleigh. Watoto wa Kangemi siwajui hata mmoja. Wewe unawajua."

Nikamshukuru, eti. Nikasema, "Asante, mzee," nikatoka.

Gazeti likagawanywa Jumapili. Watu walilipenda! Hakuna aliyesoma Historia ya Ukoo wa Gathogo hadi mwisho, nina hakika, lakini kila mtu alisifu picha. Festo alilikimbilia, akapiga kelele, "Kuku! Mama, angalia kuku!" Hakujua kusoma, lakini kuku alimjua. Mama Selina akamgundishia lile gazeti kwa uji kwenye ukuta wa mbao, upande wao, juu ya kitanda cha Festo. Yaani kutoka kwenye kitanda changu, kuku wangu alikuwa nyuma ya ubao, karibu shibiri moja kutoka sikioni.

Mama yangu nilimwambia habari ya kuandikisha. Nilimwambia siku hiyohiyo ya Jumamosi, nikimenya viazi.

"Mbona sijaona kwa gazeti?" akauliza kesho yake.

"Nafasi ilijaa."

"Na Mama Selina anajua?"

"Nadhani anajua," nikasema. Sikudhani kitu kama hicho.

Jumatatu jioni nilikwenda mlangoni kwa Mama Selina. Nilikuwa nimejipanga sentensi nzima. Lakini nilijua nikimwambia ataniuliza mbona gazeti halikusema, na nikijibu hilo itabidi nijibu yote. Nilikuwa nimebeba chungio lake tulilokuwa tumeazima.

"Rodha, karibu. Kuna nini?"

"Nimeleta chungio."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Nikarudi kwetu. Ni hatua nne kutoka mlango hadi mlango. Jumanne mama alimpeleka Beni akaandikishwa. Festo alibaki akicheza na gurudumu la waya.

Januari ikafika. Beni akavaa kaptura mpya ya kaki iliyomfika chini ya magoti. Siku hiyo Mama Selina aliomba ruhusa ya asubuhi kazini, akampaka Festo mafuta hadi akang'aa, wakaenda. Hawakukaa. Nilikuwa bado nyumbani, shule yetu ikifunguliwa siku moja baadaye, nikasikia mlango wao. Kisha nikamsikia Festo.

"Mama, mbona Beni amebaki?"

"Wamesema nafasi zimejaa. Eti kulikuwa na siku." Kitanda kikalia, amekaa. "Sijui hiyo siku waliisemea wapi."

Asubuhi zilizofuata Festo alimsindikiza Beni hadi lango la shule, akaketi nje kwenye jiwe, akamngoja. Hakulia. Angelia ningevumilia. Alikuwa tu anangoja, kama mtu aliyeambiwa mambo yatatengenezwa baadaye kidogo.

Jumapili mchana nilikwenda. Mama Selina alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Sikubeba chungio. Nikamwambia yote: mlima, kuku, fremu, msumeno, lile "ndiyo, mwalimu", Jumatatu ya chungio. Niliongea vibaya, nikirudia maneno, nikitazama ungo. Nilipomaliza, hakupiga kelele. Ningetaka apige kelele. Alinyoosha kidole kwenye ukuta.

"Rodha. Hii ukuta, mimi nasikia hata ukigeuza kurasa ya kitabu. Nikikohoa, mama yako ananiuliza kama nimekunywa dawa. Sawa, gazeti ilijaa. Na hii ukuta, pia ilijaa?"

Nikamtazama kuku pale ukutani.

"Samahani, mama."

"Samahani nimesikia. Mwaka ya mtoto ndio sijui utanirudishia aje." Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje. Akatoa lingine. Halafu akasema, "Utakuwa unakuja hapa kila jioni kumfundisha herufi. Na si ile sauti yako ya panya. Usome kwa nguvu, nikiwa huko jikoni nje nikusikie."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilikwenda jioni ile, na iliyofuata, mwaka mzima. Mwanzoni majirani walichungulia kuona ni nani anapiga kelele za *a, e, i, o, u*. Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza, nikaendelea.

Toleo la pili lilichelewa hadi Februari, na safari hii hawakunituma, nilijituma. Mzee Opati alikuwa na fremu mezani na mafungu matano kando. Akanitambua.

"Mama wa kuku! Leo tena nafasi haitoshi. Niondoe gani?"

"Kata," nikasema.

"Nini?"

"Chukua msumeno ukate. Hapa."

Akakata, unga wa ubao ukaanguka kwenye viatu nilivyozoea kuvitazama. Kuku, ng'ombe, jua na mlima vikatoka kwa kipande kimoja, akanipa nibebe. Mafungu yote matano yakaingia.

Usidhani kamati ilinipigia makofi. Mzee Gathogo alishika gazeti kama mtu aliyeletewa sahani tupu.

"Mlima yangu iko wapi?"

"Niliikata, mzee."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Ilikuwa imekula tangazo la shule. Festo wa Mama Selina, mpangaji wako, amekosa darasa la kwanza kwa ajili hiyo."

Mama Dorka akasema, "Na kuku pia?" kwa sauti ndogo. Mwalimu Zakayo akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Mzee Gathogo hakuitikia salamu yangu hadi Pasaka. Nilikuwa nikisema "shikamoo" naye anaangalia paa. Mama aliogopa tutafukuzwa kwenye ploti. Hatukufukuzwa. Baada ya Pasaka akaanza kuitikia, kwanza kwa kukohoa, kisha kwa maneno. Huo ndio moto wote niliokuwa nimeuogopa, mwanangu. Mwezi mmoja na nusu wa mzee kuangalia paa. Kwa huo nikauza mwaka wa mtoto.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na naiandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila nikitoka nje. Ukiulizwa kama vitaenea na unajua haviwezi, sema haviwezi palepale, kabla watu hawajapenda picha. Ukichelewa, bado sema, hata kama msumeno utapita katikati ya kitu kilichosifiwa. Unapowapendeza waliokaa mezani, jiulize ni nani hayuko mezani, na ni fungu la nani linafunguliwa uzi. Na ukijua neno la kumfaa jirani, usilingojee gazeti. Gonga ukuta. Haya yako ya kusema mbele za watu usiichukie, huenda utaipata kwangu kama urithi. Mimi bado ninayo, bado najificha nikibishiwa hodi. Lakini isiwe haya inayomgharimu mtu mwingine.

Festo sasa yuko darasa la pili, Beni la tatu. Wiki jana toleo jipya lilipofika Festo alilichukua mikononi, akaweka kidole chini ya herufi zangu, akasoma kwa nguvu kama mama yake alivyoagiza: "M-la-ngo-ni." Akafurahi. Kisha akageuza karatasi, akatazama nyuma, akarudi mbele.

"Rodha, kuku alienda wapi?"

Miaka yote hii bado anamtafuta. Nikaingia kwetu, nikatoa chini ya kitanda kile kipande cha ubao, nikampa. Akakiangalia, akakitia masizi ya sufuria, akagandamiza kuku kwenye ukuta wa mbao, upande wetu huu. Yupo hapa ninapoandika, mweusi, mkubwa kushinda ng'ombe, ananikodolea jicho.

Mwanangu, Mungu akukuze kwenye nyumba yenye ukuta mwembamba na majirani wanaokusikia ukikohoa. Akupe mkono wa kuchora na mdomo wa kusema kata. Na siku utakayoulizwa swali dogo, akuinue uso wako kutoka kwenye viatu mapema kuliko alivyoniinua mimi. Amina.